Kisu Nyuma ya Msumeno

Mwaka 1871 msafiri David Livingstone alikaa Nyangwe miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kusafiria mto Lualaba. Mwaka 1874 msafiri mwingine, Cameron, akafika na ombi lile lile. Wote wawili waliondoka bila kuipata. Mitumbwi ilikuwa mali ya Wagenya, watu wa mto, na kila mmoja ulikuwa umebeba kazi ndefu: gogo zima limechongwa kwa shoka na tezo mpaka likabaki ganda linaloelea. Tezo ni chombo kikali na humjeruhi asiyelizoea. Hata hivyo nguvu zake zote hutoka begani mwa mchongaji. Mkono ukisita, nalo linasita.

Leo, Nyangwe, Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, mti huangushwa na kupasuliwa mbao porini kwa msumeno wa mnyororo, kisha mbao humaliziwa karakanani kwenye meza yenye mota. Nguvu sasa inatoka kwa jenereta iliyo nje ya ukuta, na haina namna ya kutambua kama kilicho mbele ya meno ni mvule au ni kidole cha mwanagenzi. Ushauri ambao mwanagenzi huyo hupewa mara nyingi ni kuwa makini. Ushauri huo ni wa kweli, lakini haumlindi. Kinachomlinda ni vipande fulani vya mashine, na hivyo ndivyo huondolewa au kusahauliwa kabla mashine haijafika kwake. Vingi kati ya hivyo vinaweza kutengenezwa katika karakana hiyo hiyo, kwa mbao na bati.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini umakini unashindwa. Mota ya kawaida ya umeme wa hezi 50 inayoendesha msumeno huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Diski ya kipenyo cha milimita 250 ikifungwa humo, ncha ya kila jino hukimbia mita 37 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Mtu aliye macho kabisa huhitaji takriban robo sekunde tangu aone hatari mpaka mkono uanze kurudi. Katika robo sekunde hiyo diski imezunguka karibu mara 12, na ikiwa ina meno 40, zaidi ya meno 470 yamepita mahali kidole kilipokuwa.

Mmarekani Steve Gass, mwanafizikia na mwanasheria wa hataza, aliona kwamba kama mtu hawezi kuiwahi diski, basi diski ijisimamishe. Mwaka 1999 alibuni msumeno ambao diski yake hupitishiwa ishara ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikigusa jino ishara hubadilika, kipande cha aluminiamu husukumwa kwenye meno, na diski husimama ndani ya milisekunde 5. Mashine hizo ni ghali, na kila zinapojisimamisha kifaa cha breki hubadilishwa pamoja na diski. Zaidi ya hayo, ubao mbichi nao hupitisha umeme na unaweza kuufyatua mfumo bila kidole kuguswa. Mbao mbichi ndizo zinazoingia karakana za Maniema kila siku. Suluhisho la hapa lazima litoke kwingine, na kulipata kunahitaji kwanza kuelewa ajali yenyewe inavyotokea.

Ajali mbaya zaidi ya msumeno wa meza huanza na ubao. Meno ya mbele ya diski, yaliyo upande wa fundi, hushuka na kuukandamiza ubao mezani. Meno ya nyuma hupanda. Ubao uliokwisha kupasuliwa ukipita kando ya meno ya nyuma bila kuyagusa, kazi inakwenda vizuri. Ukiyagusa, yanauinua, yanaupandisha juu ya diski na kuurusha kwa fundi kwa mwendo unaokaribia ule wa meno yenyewe. Anayesimama kwenye mstari wa diski hupigwa tumboni au kifuani. Mara nyingi baya zaidi huvipata vidole: mkono uliokuwa umeegemea ubao ghafla hauna cha kuegemea, na unaangukia kwenye diski au unavutwa kuelekea huko. Yote hayo huisha kabla ya ile robo sekunde kutimia. Ndiyo maana majeruhi wengi hawawezi kueleza kilichotokea, na wenzao huhitimisha kwamba walizubaa.

Ubao hugusa meno ya nyuma kwa sababu kadhaa, na tatu kati ya hizo zina uhusiano wa moja kwa moja na mbao za Kongo. Ya kwanza ni ubichi na mikazo. Mti unapokua, tabaka zake za nje huvutana na zile za ndani hubanwa, na mizani hiyo hubaki ndani ya gogo hata baada ya mti kuanguka. Msumeno unapoligawa, mikazo hufunguka: pande mbili za ubao ama huachana, ama hufumba na kuibana diski. Ubao mbichi huongeza tatizo, kwa kuwa nyuzi zake zilizojaa maji hujiinua kwenye mkato na kuyashika meno. Ubao wa unene wa sentimita 2.5 uliopangwa kivulini, na vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, huhitaji miezi kadhaa kukauka. Fundi aliyepewa oda ya madawati ya shule kabla ya muhula kuanza hana miezi hiyo, kwa hiyo hupasua mbao jinsi zilivyo.

Ya pili ni kingo zilizopinda. Msumeno wa mnyororo unaoongozwa kwa mkono huacha ubao wenye mawimbi. Ubao huo ukiegemezwa kwenye kiongozi, yaani ule ukingo ulionyooka ulio sambamba na diski, hauegemei. Unayumba kutoka nundu moja hadi nyingine, na kila unapoyumba unaipinda njia ya mkato. Tiba yake ni nafuu. Ukingo mmoja unyooshwe kwa randa ya mkono kwanza, au ubao upigiliwe ufito ulionyooka ubavuni ili ufito ndio uteleze kwenye kiongozi. Misumari ya ufito iwe mbali na njia ya diski. Dakika chache za kazi hii huondoa sehemu kubwa ya hatari.

Ya tatu inamhusu mvule, mti unaothaminiwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi Kongo. Ndani ya mbao zake hukutwa mawe ya kweli, mabonge ya kalisi kaboneti ambayo mti huyaweka mara nyingi pale ulipojeruhiwa. Kwa nje hayaonekani kila mara, ingawa mbao zinazoyazunguka zinaweza kuwa na rangi nzito zaidi. Diski ikikuta jiwe, meno hupoteza makali mara moja, au ncha ya kabaidi iliyochomelewa kwenye jino hung'oka na kuruka. Anayepasua mvule bila miwani anayaacha macho yake mbele ya vipande hivyo. Diski iliyopoteza makali upande mmoja nayo huvuta kwenda upande wenye makali, ikaubana ubao. Ukiona ubao unahitaji kusukumwa kwa nguvu kuliko kawaida, zima mashine uyatazame meno.

Kinga dhidi ya mambo hayo matatu ni kipande kimoja: kisu cha kutenganisha. Ni bamba la chuma lililosimama nyuma ya diski, kwenye mstari wake, likiuzuia mkato usifumbe na kuukinga ubao usiyafikie meno yanayopanda. Unene wake lazima uzidi unene wa mwili wa diski lakini uwe mdogo kuliko upana wa mkato. Kwa mfano, diski yenye mwili wa milimita 2.2 na meno yanayokata milimita 3.2 itafaa na bamba la milimita 2.5. Nafasi kati ya bamba na meno iwe ndogo, isizidi milimita 8, na kilele chake kiwe chini kidogo ya kilele cha diski. Kanuni za Uingereza za mashine za mbao zilikilazimisha kisu hiki mwaka 1922, hivyo hakuna lililo jipya hapa.

Katika mashine za viwandani kisu hiki ni kazi ngumu, kwa sababu diski hupanda, hushuka na kulala, na kisu lazima kifuate kila mwendo. Meza nyingi zinazotengenezwa na wachomeleaji wa Afrika Mashariki na Kongo zina shafti isiyosogea. Wenye meza hizo huiona hali hiyo kuwa upungufu. Kwa jambo hili ni faida: bamba likishafungwa kwa boliti mbili kwenye fremu, nafasi yake na meno haibadiliki mpaka diski ibadilishwe. Bati la milimita 2.5 hukatwa kwa kufuata duara la diski, na kingo zake hulainishwa kwa tupa. Mchomeleaji aliyeweza kuitengeneza meza ataliweza na hili. Juu ya diski huning'inizwa kifuniko cha mbao kinachoshuka mpaka karibu na uso wa ubao. Chini ya meza, sehemu ya diski isiyoonekana nayo izibwe, maana wanaopangusa unga wa mbao huingiza mikono huko. Mkanda na puli navyo vifunikwe.

Mambo mengine matatu hayagharimu chochote. Pale mashine inaporuhusu kuirekebisha, diski itokeze juu ya ubao kwa kina cha jino tu. Fundi asimame pembeni mwa mstari wa diski. Sentimita 30 za mwisho za ubao zisukumwe kwa kijiti chenye pengo mwishoni, nacho kitundikwe mezani kwa kamba ili kisitafutwe wakati ubao umeshafika katikati.

Umeme una hatari zake ambazo miongozo iliyoandikwa Ulaya haizitaji sana, kwa kuwa huko volti hazibadiliki ovyo. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya kawaida ya msumeno hufuata mraba wa volti. Jenereta ndogo iliyozidiwa, au waya mwembamba mrefu unaotoka kwenye jenereta ya jirani, unaweza kuifikisha mota kwenye volti 180 badala ya 220. Upungufu huo wa chini ya moja ya tano huondoa theluthi nzima ya nguvu ya mota. Diski inapungua mwendo ndani ya ubao, fundi anasukuma zaidi, meno yanang'ang'ania, na mazingira ya ubao kurushwa yamekamilika. Nyaya nene na fupi ni kifaa cha usalama sawa na kifuniko cha diski. Jenereta ichaguliwe kwa kuzingatia kwamba mota inapowaka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Jenereta ikizimika katikati ya kazi, hatari nyingine inaanza. Fundi anaacha ubao kwenye diski, anatoka nje kuangalia mafuta, na mwanagenzi anaanza kutoa ubao uliokwama. Swichi bado iko upande wa kuwasha. Jenereta ikinguruma tena, diski inazunguka mikononi mwake. Kuna swichi zinazojizima zenyewe umeme ukikatika na haziwashi mashine mpaka zibonyezwe upya. Hizo ndizo zinazofaa kila meza ya msumeno. Pasipo swichi hiyo, plagi ichomolewe kila jenereta inapozimika, na aliyeichomoa akae nayo mkononi mpaka ubao utolewe. Jenereta yenyewe ikae nje, mbali na milango na madirisha, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua katika chumba kilichofungwa.

Kuna chombo kinachohitaji katazo kamili. Grainda imetengenezwa kwa ajili ya kusaga na kukata chuma. Kwa kuwa ni nyepesi na hupatikana kirahisi, hufungwa diski ya meno ya kukatia mbao, tena baada ya kuvuliwa kinga ili diski kubwa iingie. Diski za grainda zilizopimwa kwa mita 80 kwa sekunde zina mpaka unaotegemea kipenyo: milimita 125 inaruhusiwa kama mizunguko 12,200 kwa dakika, na milimita 230 ni 6,600 tu. Diski ya milimita 230 ikifungwa kwenye grainda ndogo ya mizunguko 11,000, ukingo wake unafika mita 132 kwa sekunde, na jiwe la diski linaweza kupasuka vipande mkononi. Diski ya meno haipasuki kwa urahisi huo, lakini haisagi kidogo kidogo kama jiwe, hung'ata. Ikinaswa, grainda isiyo na kisu cha kutenganisha wala meza ya kuegemea huruka kuelekea shingo, uso au paja la aliyeishika. Hakuna namna salama ya kufanya hivyo. Kama msumeno wa umeme wa mkononi haupo, msumeno wa kawaida wa mkono utaimaliza kazi.

Mashine ya randa hujeruhi kwa namna tofauti. Visu vyake hukaa kwenye silinda inayozunguka chini ya uwazi wa meza. Zamani kishikio hicho kilikuwa cha mraba, na kati ya kona na kona palikuwa na pengo lililotosha kumeza vidole mpaka kwenye kiganja. Silinda huziba pengo hilo. Kidole kikiteleza hupoteza nyama ya ncha, si mkono. Kanuni zile zile za 1922 ziliagiza silinda kwa randa za kusukuma kwa mkono. Anayenunua randa iliyotumika, au anayeagiza itengenezwe, achungulie umbo hilo kabla ya kuuliza bei, na akikuta mraba aiache. Vipande vifupi kuliko sentimita 30 visipitishwe humo, na vyembamba visukumwe kwa kibao chenye mpini.

Glavu, ambazo wafadhili hupenda kuzigawa, hazifai karibu na diski wala visu vinavyozunguka: jino linalogusa ngozi hukata, linaloishika glavu huvuta mkono mzima. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati, kitenge kilichofungwa kiunoni na kamba ya kofia. Glavu ni za kubebea mbao.

Vumbi halionekani kuwa jeraha, na kwa sababu hiyo linastahili kutajwa bila kulainisha. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi ulikuwa umeanza kukusanywa miaka ya 1960 kwa mafundi fanicha wa High Wycombe, Uingereza, waliougua saratani adimu ya pua. Vumbi la mvule huongeza ukurutu na pumu kwa baadhi ya watu. Karakana isiyo na ukuta upande unaokwenda upepo ni bora kuliko iliyofungwa, na barakoa inayokaa sawasawa usoni ni bora kuliko kitambaa. Kelele nazo zihesabiwe. Kwa kipimo cha taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, masikio yanavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupungua nusu. Kwa desibeli 100, ambazo msumeno wa meza huzifikia, zinabaki dakika 15.

Kinga ina uzito wa pekee Kasongo, kwa sababu ya kile kinachofuata jeraha. Katika miaka ya 1970 mji huu ulijulikana kimataifa kwa Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, uliosaidia kuonyesha jinsi vituo vya afya na hospitali ya rufaa vinavyoweza kuhudumia wilaya nzima ya vijijini. Mfumo wa aina hiyo unaweza kuzuia damu, kusafisha kidonda na kukinga pepopunda. Kuunganisha tena kidole kunahitaji hadubini ya upasuaji na mpasuaji wa mishipa midogo, na hata Kindu, makao makuu ya jimbo, iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara mbaya. Kila karakana iwe na kitambaa safi cha kukandamizia jeraha, na mtu anayejua kwamba kukandamiza bila kuachia ndiyo kazi ya kwanza.

Sheria ipo. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002 inamdai mwajiri usalama mahali pa kazi, na sheria ya hifadhi ya jamii ya 2016 ina tawi la ajali za kazini. Lakini karakana ndogo ya fundi mmoja na wanagenzi wanne haina mikataba iliyoandikwa, na mkaguzi wa kazi hafiki huko. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1963, ulianzia mahali panapofaa zaidi: unapiga marufuku kuuza na kukodisha mashine ambayo sehemu zake za hatari hazina kinga. Mzigo unakuwa kwa mwenye kuuza, kabla mwanagenzi hajaisogelea.

Kusini mwa Maniema wapo wenye nguvu ya aina hiyo hiyo kwa upande wa pili, nao ni wateja wakubwa wa mbao: shule, parokia, misikiti, mashirika ya misaada. Oda zao za madawati, milango na vitanda vya zahanati hutaja aina ya mbao, unene, hata idadi ya misumari. Zinaweza kutaja pia kwamba kazi itapokelewa kutoka karakana yenye kisu cha kutenganisha, kifuniko cha diski na swichi inayojizima, na kwamba hakuna aliye chini ya miaka 18 anayeendesha msumeno wala randa. Mteja atoe malipo ya awali yanayotosha kulipia bati, boliti na kazi ya mchomeleaji, na atume mtu kuviangalia kabla ubao wa kwanza haujapasuliwa. Tarehe ya kukabidhi nayo ipangwe kwa kuhesabu miezi ya kukausha mbao.